Maji ya Mirihi na Maji ya Ziwa Letu

Baadhi ya watafutao ukweli huuliza: "Wataalamu wapeleka mitambo katika sayari ya Mirihi kutafuta maji na dalili za uhai. Wakiupata uhai huko, je, imani haitatikisika?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu.

Kwanza tutazame yaliyokwisha julikana. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Viking vilitua Mirihi vikaupima udongo wake. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilichimba upande wa kaskazini kikakuta barafu. Mwaka 2012 mtambo wa magurudumu, Curiosity, ulitua katika bonde la Gale, ukakuta matope ya ziwa la kale yaliyogeuka mawe. Tarehe 18 Februari 2021 mtambo Perseverance ulitua Jezero, bonde lenye upana wa kilometa 45 hivi, ambamo zamani mto ulimwaga maji yake ziwani, kama mto Kagera umwagavyo yake katika Ziwa Viktoria.

Leo hapo ni pakavu. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno; kani yake haifikii sehemu moja katika mia ya hewa yetu. Chombo MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kilionyesha kwamba nguvu za jua zimeipeperusha sehemu kubwa ya hewa hiyo.

Ndugu wa Bukoba na Muleba wasidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Waliochunguza matope ya chini ya Ziwa Viktoria wameona kwamba nalo lilikauka, yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, kisha mvua zikalijaza tena.

Kurani Tukufu yafundisha nini? Katika 23:19 twaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu huteremsha maji kwa kipimo, huyatuliza ardhini, na aweza kuyaondoa. Katika 21:31, kwamba kila chenye uhai kimetokana na maji. Na 42:30 yataja viumbe waliotawanywa katika mbingu na ardhi. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih IV (r.h.), aliieleza aya hii katika kitabu chake cha mwaka 1998, akionyesha kwamba Kurani yatangaza kuwako kwa uhai nje ya dunia.

Basi uhai ukipatikana, Mwislamu hana la kuhofu. Usipopatikana Mirihi, aya haikuitaja sayari hiyo. Mpaka sasa haujathibitishwa, nasi tusitangaze lisilothibitika. Neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Haraka ya wanadamu ndiyo ipingayo.

Linabaki funzo la matendo. Imepokewa katika Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimwonya Saad asifuje maji ya udhu, hata awapo penye mto utiririkao. Akaaye kando ya ziwa kubwa na alishike onyo hilo kila atawadhapo, kwani maji ni amana, na Mwenye amana aweza kuitwaa.