Nani anamsubiri mhudumu wa afya arudi?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapotoka kwake asubuhi katika kata ya Kasansa, Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, mara nyingi anatoka peke yake. Begani ana mkoba wenye vipimo vya malaria, glavu, rejista na simu ambayo chaji yake haina uhakika. Anakwenda kumwona mzee aliyepooza upande mmoja, mjamzito aliyekosa hudhurio la kliniki, na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajaja kuchukua dawa. Nyumba ya kwanza iko jirani na barabara, ya pili iko ng'ambo ya majaruba ya mpunga, na ya tatu ni kaya ya wafugaji ambako hata ukipiga yowe hakuna jirani wa kulisikia.

Januari 31, 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa taifa wa wahudumu hawa, wenye lengo la kuwafikisha 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo wanaozunguka majumbani peke yao wataongezeka, Katavi ikiwamo. Makala haya ni kwa ajili yao, ila zaidi ni kwa msimamizi wao kituoni, mtendaji wa kijiji na familia wanazozihudumia. Tumezoea kumwambia mhudumu "uwe mwangalifu" na kuishia hapo, kana kwamba mtu aliyeanguka kwenye mto uliojaa anaweza kujitafuta mwenyewe. Usalama wa anayekwenda peke yake unategemea sana yule anayebaki.

Kwa hiyo anza na mtu wa kusubiri. Awe mmoja na ajulikane kwa jina, kwa sababu mkiambiwa "wote mfuatilie" hatafuatilia mtu. Anaweza kuwa muuguzi wa zamu, mhudumu mwenzake wa kitongoji cha pili, au mwenyekiti wa kitongoji. Kabla ya kuondoka, mhudumu amwachie mambo manne: nyumba anazokwenda kwa mpangilio, njia atakayopita, anasafiri na nani, na saa ya kurudi. Daftari la kawaida la kaunta linatosha. Kama anakwenda kwa bodaboda, liandikwe jina la dereva na namba ya pikipiki. Akibadilisha mpangilio njiani, atume ujumbe mfupi wa maneno, ambao mara nyingi hupita mahali ambapo mtandao ni dhaifu mno kwa mazungumzo.

Sehemu inayosahaulika ni hii: saa ikipita, anayesubiri afanye nini? Kubalianeni mapema na muandike. Mathalani, amesema atarudi saa tisa. Saa tisa na nusu hajaonekana, anapigiwa. Asipopatikana, anapigiwa mwenyekiti wa kitongoji cha nyumba ya mwisho iliyoandikwa. Ikifika saa kumi bila jibu, mtu anatumwa kufuata njia ile ile, na mtendaji wa kijiji na polisi wanajulishwa. Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini namba ya kituo cha polisi cha karibu iwe imeandikwa ndani ya jalada la daftari. Msiogope kusumbua watu bure. Mhudumu akikutwa salama, amekaa tu na mgonjwa aliyezidiwa, hakuna kilichoharibika, na siku nyingine atakumbuka kutuma ujumbe.

Daftari bila mtu wa kusubiri halitoshi, na Uingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Julai 28, 1986 Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba mwenye umri wa miaka 25, alitoka ofisini kwake London kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Kwenye kitabu chake cha miadi aliandika saa, jina alilopewa na anwani. Hakurudi, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Wazazi wake walianzisha taasisi yenye jina lake, na mengi yanayofundishwa huko kuhusu usalama wa wanaofanya kazi peke yao yametokana na msiba ule.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ambayo mwongozo wa ugenini hauigusi. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulienea kwamba wanyonya damu wamefika, na umati ukakusanyika. Sasa mfikirie mhudumu anayeingia kitongoji asichojulikana akiwa na vipimo vya kuchoma kidole na kutoa tone la damu. Kusindikizwa na kutambulishwa ni kinga yake ya kwanza. Mhudumu mgeni katika kitongoji asiingie nyumba hata moja kabla hajaonana na mwenyekiti, na safari ya kwanza mwenyekiti au balozi amsindikize. Kitambulisho kivaliwe shingoni, kisikae mkobani. Kwa kaya za wafugaji zilizo pembeni, aende na mtu wanayemfahamu na anayezungumza lugha yao. Kipimo cha damu kifanyike mbele ya mzazi au mwenye nyumba, baada ya kueleza tone lile ni la nini, na kipimo kilichotumika kiingizwe kwenye kisanduku cha taka hatarishi huku wanaona. Uvumi ukianza kusikika, ziara zisimame hadi uongozi wa kijiji uitishe mkutano. Hata kama kuna watoto wanaosubiri chanjo, bado nasema zisimame.

Nyumbani kwa mgonjwa, piga hodi na usubiri. Uliza mbwa wako wapi, na wafungwe kabla hujaingia uani. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kaeni barazani au chini ya mti. Kwa mwenye kikohozi cha muda mrefu hapo ndipo panapofaa zaidi hata kwa sababu ya hewa. Ukilazimika kuingia ndani, kaa upande wa mlango, mkoba uwe karibu. Mgonjwa wa kike au wa kiume, mtu mzima mwingine wa familia awepo.

Ukikuta ugomvi, mlevi, au mwanamume aliye peke yake anayekuita ndani wakati mgonjwa uliyemfuata hayupo, ondoka. Huna haja ya kubishana. Sema umesahau dawa kituoni, unaifuata. Vilevile patana na anayekusubiri juu ya sentensi moja ya siri ambayo masikioni mwa mwingine ni ya kawaida, kama "niwekee ile rejista ya kijani mezani." Akiisikia, anajua umebanwa na anatuma watu bila kukuhoji.

Na hapa namgeukia msimamizi. Mhudumu aliyeondoka bila kumaliza kazi asiulizwe kwanza kwa nini takwimu zimepungua. Akigombezwa mara moja, mara ya pili atavumilia na kubaki ndani. Akileta malalamiko ya kushikwashikwa au kutamkiwa maneno machafu, yaandikwe, apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kama anataka, na nyumba ile isitembelewe tena na mtu mmoja. Mgonjwa wa humo ataendelea kuhudumiwa na wawili, au aletwe kituoni.

Njiani, saa ni muhimu kuliko umbali. Mpimbwe imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na Mto Kavuu una viboko na mamba. Kiboko hutoka majini kula majani usiku, kwa hiyo njia za kando ya mto na mabonde ya mpunga zisipitwe alfajiri wala baada ya jua kuzama. Kati ya Novemba na Aprili, mto uliojaa usivukwe kwa kukisia kina. Piga simu, ahirisha, andika. Vaa viatu vilivyofunika mguu, nyoka ni wengi majanini.

Ukichomwa na sindano au kitu chenye damu ya mgonjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha wahi kituoni siku hiyo hiyo. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, zikichelewa sana iwe ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Hata kwa aliyebakwa muda ni huo huo. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 hata kama ni dogo, halafu fuata chanjo ya kichaa cha mbwa bila kungoja mbwa aonyeshe dalili.

Kila tukio liandikwe siku lilipotokea: saa, mahali, aliyeshuhudia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Lakini mfuko huo ni wa waajiriwa. Mhudumu anayelipwa posho kama mtu wa kujitolea asidhani amo. Amuulize mwajiri au mradi unaomlipa, kwa barua, akiumia kazini nani atagharimia matibabu. Barua hiyo iandikwe sasa, kabla mvua hazijaanza, na nakala yake ibaki kwenye daftari lile lile la kituo.