Akamatwapo Mtu Aliyeendesha Gari Hali Amelewa

Njia ya kale itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji ilikuwa njia ya miguu. Mpagazi aliyelewa wanzuki alianguka na mzigo wake, na hasara ilikuwa yake na ya tajiri wake. Leo magari na pikipiki hupita katika nchi ile ile, na dereva mlevi aweza kuua watoto wa watu. Kwa hiyo hukamatwa hata kama hajagonga mtu. Akiisha kukamatwa, yampasa kufanya nini? Twataka kujifunza neno hili, maana wengi huongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Kwanza, asikimbie wala asigombane na askari. Kama yuko aliyeumia, asaidiwe kabla ya mambo mengine.

Pili, akubali kupimwa. Kipimo humwokoa yule asiyelewa; na kukataa bila sababu ya haki kwaweza kumletea shitaka jingine.

Tatu, ataje jina lake na mahali akaapo kwa kweli, aulize kosa lake, tena aombe ndugu au wakili aarifiwe. Halazimishwi kujibu maswali mengine. Lakini akijibu, asiseme uongo.

Nne, asitoe rushwa. Sheria ya mwaka 2007 humhukumu mtoaji pamoja na mpokeaji. Dhamana ya polisi hailipiwi fedha. Ikiwa kosa si kubwa, na haiwezekani kumfikisha mahakamani katika saa 24, yapasa aachiliwe kwa dhamana.

Tano, siku ya shauri ahudhurie bila kukosa. Maskini aulize habari za msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017. Katiba yasema ya kwamba mtu hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka ithibitike. Lakini ajuaye moyoni mwake kuwa alilewa, amweleze wakili wake kweli yote.

Nanyi walimu wa sharika, mtu huyo akirudi nyumbani, msimcheke wala msimfiche. Mwendeeni, mkaongee naye habari za pombe, na nani atakayeshika funguo za gari. Kama alimwumiza mtu, mpelekeni akamwone. Mahakama yaweza kumaliza shauri lake, lakini kiu yake haiwezi kuiondoa. Kazi hiyo yabaki kwake na kwetu sisi jirani zake.