Namna ya Kusokota Ngata ya Majani ya Mgomba

Mama anayesokota ngata huanza kwa kukitazama kichwa kitakachoibeba. Ngata ya binti wa miaka minane mwenye ndoo ya lita 5 haiwezi kulingana na ya mama anayepandisha mkungu wa ndizi kwenda kuuza Tukuyu. Hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi hii ya mikono: kila ngata ina mtu wake. Kwa hiyo, kabla ya kugusa jani, mwite mwenyewe akae karibu.

Malighafi hapa kwetu Mpuguso, karibu na Tukuyu, haina bei, maana migomba iko nyuma ya karibu kila nyumba. Shida yetu ni unyevu. Maeneo ya Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jani lililolala chini huota ukungu upesi. Chukua yale makavu yanayoning'inia kwenye shina, rangi yake ya hudhurungi, yasiyo na madoa meusi. Yakate asubuhi kabla umande haujakauka. Jua likishakuwa kali yanavunjikavunjika mkononi, nawe utajikuta umebeba makapi.

Ondoa uti wa katikati wa jani, kwani ndio unaochoma utosi. Kisha bandua magamba makavu ya shina na uyachane vipande vya upana wa kidole. Hivyo ndivyo vitakavyofunga. Magamba ya nje huwa meusi kidogo na ya ndani meupe zaidi, na fundi mwenye jicho huyapishanisha apate mistari. Yanyunyizie maji, yafunike kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa, yalegee.

Sasa shika majani konzi moja, yasokote kwa nguvu hadi yawe kamba nene kama kidole gumba, huku ukiongeza mengine pale yanapopungua. Ukiona kamba inajifungua ukiiachia, bado hujaisokota vya kutosha. Izungushe iwe duara. Kwa mtoto acha tundu la vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, kwa mtu mzima tundu la ngumi. Zungusha tena juu yake, mara tatu au nne, mpaka mwenyewe akiiweka kichwani aseme utosi wake hauguswi. Uzito wote ukae kwenye duara.

Kufunga ndiko kunakotofautisha ngata ya siku moja na ya mwaka. Pitisha kipande cha gamba ndani ya tundu, kizungushe nje, kirudishe ndani, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Upande laini wa gamba utazame nje ili usinase nywele. Vuta kila mara, vuta kweli. Ncha ya mwisho ichomeke chini ya mizunguko kwa kijiti kilichochongwa. Wapo wanaofungia kamba za nailoni siku hizi kwa kuwa hazikatiki. Mimi sizipendi, zinateleza na zinakwangua ngozi ya kichwa. Kama unataka ulaini zaidi, chana kanga iliyochakaa uzungushie juu.

Ikaushe kivulini, si juani, ukiwa umeikandamiza kwa ubao ili ikae bapa. Baada ya hapo itundike jikoni juu ya mafiga. Moshi huizuia isiote ukungu na wadudu hawaitamani. Ikianza kulegea, fumua mizunguko ya nje tu na uifunge upya. Kiini chake mara nyingi bado kizima.

Usiiache ngata kwa wabeba mizigo peke yao. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kule Matema kwenye Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyenye kitako cha mviringo, navyo vinauzwa hadi huku kwetu milimani. Chungu cha namna hiyo hakisimami kwenye sakafu ya saruji bila kitu cha kukishika. Kisokotee ngata yake, tundu likiwa pana kuliko la kichwa, mizunguko miwili tu ili isiwe ndefu. Unapoijaribu, tia maji nusu ya chungu kwanza, maana kikiwa kitupu huyumba hata juu ya ngata iliyosokotwa vizuri.