Chama na Kizazi: Umri wa Mpigakura na Mustakabali wa Vyama vya Kisiasa Nchini Kenya

Utangulizi

Neno chama lina maisha mawili nchini Kenya. Kuna chama cha akiba, ambacho wanachama wake, wawe wanawake wa mtaa mmoja, waendeshaji bodaboda au wafanyakazi wa idara moja, hutoa mchango kila mwezi, humtaka mhazini asome hesabu na humtoza faini anayechelewa mkutanoni. Kuna pia chama cha kisiasa, ambacho mtu anaweza kuwa mwanachama wake kwa miaka mingi bila yeye mwenyewe kujua. Hii si tashtiti. Mwezi Juni 2021, wananchi walipowezeshwa kukagua uanachama wao kupitia mtandao wa serikali, Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yalikuwa katika sajili za vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa umri na upigaji kura nchini Kenya kwa kuzingatia maana hizo mbili. Mjadala wa kawaida huuliza kijana humpigia nani kura na mzee humpigia nani. Swali hilo lina tija ndogo katika mazingira ya Kenya, kwani kura za eneo moja aghalabu hufuata mkondo mmoja, wa vijana na wazee. Tofauti ya vizazi imo kwingine: katika kile ambacho kila kizazi kimekizoea kukiita chama.

Chama kama makao

KANU iliasisiwa mwaka 1960. Baada ya KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, KANU ilisalia peke yake uwanjani, na mwaka 1982 katiba ikarekebishwa ili kukifanya kuwa chama cha pekee kisheria. Mkenya aliyepata haki ya kupiga kura baada ya umri wa mpigakura kushushwa kutoka miaka 21 hadi 18 mwaka 1974 (mwaka uo huo ambao Kiswahili kiliingizwa Bungeni, sadfa inayostahili utafiti wake) alikulia chini ya jogoo. Kadi ya chama haikuwa pambo. Katika miaka ya 1980, vijana wa KANU waliweza kuidai sokoni au kwenye kituo cha magari, na asiyekuwa nayo akarudishwa nyumbani. Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wapigakura walipiga foleni hadharani nyuma ya wawakilishi wa wagombea, na kuna mahali ambapo mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa umeshinda mrefu.

Ni kizazi hicho kilichoshuhudia kifungu cha 2A kikifutwa Desemba 1991. Kwa aliyewahi kulazimishwa kuwa na chama kimoja, uhuru wa kuchagua kingine ulikuwa jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana mgawanyiko wa FORD kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili kabla ya uchaguzi wa 1992, uliomwezesha Daniel arap Moi kubaki Ikulu kwa takribani asilimia 36 tu ya kura, ulichukuliwa na wengi kama talaka katika familia. Kwa wapigakura hao, kumpenda au kumchukia jogoo kulikuwa sehemu ya kujitambulisha. Kuhama chama kulikuwa kuhama nyumba.

Chama kama matatu

Aliyezaliwa baada ya 1991 hakuikuta nyumba hiyo. Mwai Kibaki aliingia Ikulu mwaka 2002 kwa NARC, na mwaka 2007 akatetea kiti chake kwa PNU. ODM ilizaliwa kutokana na chungwa, alama ya kura ya hapana katika kura ya maoni ya 2005. Uhuru Kenyatta aligombea urais mwaka 2002 kwa KANU, mwaka 2013 kwa TNA na mwaka 2017 kwa Chama cha Jubilee, kilichoundwa mwaka 2016 kwa kuvunjwa kwa TNA, URP na vyama vinginevyo. William Ruto alitoka URP, akapitia Jubilee na kushinda mwaka 2022 kwa UDA. Chukua mfano wa kijana aliyepiga kura yake ya kwanza mwaka 2013 kwa TNA. Kufikia uchaguzi wake wa pili, chama chake hakikuwapo tena. Kufikia wa tatu, mrithi wa chama hicho alikuwa ndani ya Azimio pamoja na ODM, mpinzani wake wa zamani. Kijana huyu hajahama. Chama ndicho kilichohama.

Tajriba ya namna hii huzaa fasili tofauti. Chama kinakuwa kama matatu: hupandwa kwa sababu ya kule kinakoelekea, nauli hulipwa, na abiria hushuka kituoni bila kumwuliza mwenye gari anakolilaza usiku. Wagombea vijana nao wameielewa vyema fasili hiyo. John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini mwaka 2017 akiwa mgombea huru, mwenye umri wa miaka 23 na mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 2022 alikitetea kiti hicho kwa tikiti ya UDA. Mwaka huo huo, Linet Chepkorir, aliyekuwa na miaka 24, alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Bomet, naye kwa UDA. Mifano hii haithibitishi kwamba vyama vimewafungulia vijana milango. Mwirigi aliingia kwanza bila chama, kisha chama kikampata akiwa tayari ameshinda.

Daftari na barabara

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takribani robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Kwa uchaguzi wa 2022, daftari la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) lilikuwa na wapigakura 22,120,458, ambapo vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba, ilhali daftari zima lilikua kwa takribani watu milioni 2.5 tangu 2017, idadi ya vijana ndani yake ilipungua kwa zaidi ya asilimia 5. Waliojitokeza kupiga kura nao walishuka, kutoka takribani asilimia 79 mwezi Agosti 2017 hadi takribani 65 mwaka 2022.

Ni rahisi kuliita jambo hili uzembe, na wazee wengi wameliita hivyo. Juni 2024 iliipinga tafsiri hiyo. Vijana waliojaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wameusoma, wameufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, na kuusambaza mitandaoni. Walijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakapigwa risasi na kufa. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hangeutia saini mswada huo. Kati ya sifa hizo tatu, ya mwisho ndiyo iliyotimia kwa haraka zaidi, tena kwa mikono ya vyama vyenyewe: kabla ya miezi miwili kwisha, vigogo wa ODM walikuwa mawaziri katika serikali ambayo chama chao kilikuwa kimeipinga, na Machi 2025 UDA na ODM zikatia saini mkataba wa ushirikiano. Kijana aliyetaka upinzani ndani ya chama kikubwa aliachwa bila anwani.

Kadi, mchujo na hesabu

Inafaa basi kuuliza vyama vina nini cha kumpa kizazi hiki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 91, inavitaka vyama viwe na demokrasia ya ndani. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inavitengea hazina isiyopungua asilimia 0.3 ya mapato ya taifa, yaani fedha za mlipakodi, akiwemo kijana asiye na chama. Hata hivyo, marekebisho ya Januari 2022 yaliruhusu mchujo kufanywa kupitia wajumbe badala ya wanachama wote. Wajumbe hupatikana katika ngazi za chama, na ngazi hizo zimeshikwa na waliozipanda zamani. Hapa ndipo umri unapogeuka kuwa mamlaka: mzee ana chama, kijana ana kura tu.

Kifo cha Raila Odinga mnamo Oktoba 2025 kimelifanya suala hili kuwa la dharura kwa ODM. Kwa miaka ishirini, uaminifu wa wengi kwa chungwa ulikuwa uaminifu kwa mtu mmoja, na uaminifu wa namna hiyo haurithishwi kwa azimio la kamati kuu. Vyama vingine havina sababu ya kushangilia, kwani vingi vimejengwa juu ya msingi uo huo.

Wanachama wa chama cha akiba hawangekubali mhazini asiyesoma hesabu, wala mkutano unaoamuliwa na watu wasiowachagua. Vijana wa leo wanaijua taratibu hiyo vizuri, kwa kuwa wengi wao ni wanachama wa vyama hivyo. Usajili wa wapigakura ulirejelewa Septemba 2025, nao ni hatua ya kwanza tu. Kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka mgombea huru awe si mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayenuia kusimama peke yake Agosti 2027 atapaswa kuhakikisha, kabla ya tarehe 10 Mei, kwamba jina lake halimo katika sajili yoyote, ikiwemo ile aliyoingizwa bila kuulizwa.