Benchi la Kazi Linalokunjwa: Namna ya Kulichagua na Kulitumia Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Cheyo, mjini Tabora, matengenezo madogo hufanyika uani, chini ya mwembe. Mlango uliovimba kwa mvua hupigwa randa, tendegu la kitanda huchongwa upya, ubao wa rafu hukatwa. Pasipo meza ya kazi, ubao hulazwa juu ya kiti na kukandamizwa kwa goti. Ndivyo alivyofanya pia Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akibuni magari nchini Uingereza. Mwaka 1961, alipokuwa akitengeneza kabati, msumeno wake ulikata ubao pamoja na kiti kilichoubeba. Hasara hiyo ilimfanya abuni benchi linalokunjwa, ambalo kampuni ya Black & Decker ilianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mabenchi mengi ya aina hii yanayouzwa leo, yawe ya jina lolote, yanafuata umbo la lile la kwanza.

Ubora wa benchi hili umo katika taya zake. Uso wa juu ni mbao mbili: mmoja umetulia, wa pili husogezwa na skrubu mbili, kila moja na mpini wake. Kwa kuwa skrubu hizo huzungushwa mbalimbali, taya zinaweza kushika hata kipande kilicho kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Benchi zima kwa hiyo ni jiliwa kubwa lenye miguu, na lisiposhika kitu barabara, limebaki kuwa meza ndogo ya bei kubwa.

Wauzaji, hata hivyo, hutanguliza idadi ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi. Kuna yanayoandikiwa kilo 100 na mengine kilo 200. Kwa kawaida namba hiyo huhusu mzigo uliotulia, uliosambazwa juu ya uso wote na kukandamiza kwenda chini. Haielezi lolote juu ya nyundo, wala juu ya randa, ambayo husukuma benchi upande. Wala wepesi usihesabiwe kuwa sifa kuu. Mpagazi wa misafara iliyopita Tabora alibeba takriban kilo 30 kwa siku nyingi mfululizo. Mtu wa leo hatashindwa kuhamisha benchi la kilo 12 kutoka stoo hadi uani. Lililo jepesi mno litamkimbia kila apigapo randa.

Tunamshauri mnunuzi aende dukani na kipande cha mbao anayoizoea, iwe mninga au mkurungu, na aombe benchi lifunguliwe. Lililomo ndani ya boksi lililofungwa halijulikani. Alikamate benchi kwenye pembe na kulitikisa upande kwa upande: mchezo mdogo dukani huwa mkubwa baada ya miezi michache. Azifunge taya na kutazama kama zinakutana kwa urefu wote, kisha akibane kipande chake na kujaribu kukipinda kwa mikono miwili. Taya za plaiwudi nene hustahimili kuliko za MDF, ambazo hufura na kumumunyuka zikilowa. Miguu ikiungwa kwa bolti na nati, inaweza kukazwa nyumbani kwa spana. Ikiungwa kwa riveti, ikilegea ni kazi ya fundi.

Ukaguzi huo una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji matumizi aliyoyakusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Basi sema wazi, “Nataka la kupigia randa milango,” badala ya kutaja jina la kampuni peke yake. Lakini ukiisha kuikagua bidhaa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Asiyekagua kwa makini hujinyima mara mbili. Dai risiti ya EFD, na ahadi yoyote ya muuzaji iandikwe. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Anayekata ubao mara mbili kwa mwaka hana haja ya kununua. Seremala wa mtaani atamtengenezea vigoda viwili virefu vya kulazia mbao, navyo vitamfaa.

Ardhi ya Tabora kwa sehemu kubwa ni ya kichanga, na miguu myembamba huzama. Weka vipande vya ubao chini yake. Hakikisha vifungo vyote vya miguu vimeingia mahali pake kabla ya kuweka kitu. Kaza mipini miwili kwa zamu, kidogo kidogo, na usisimame juu ya benchi kama ngazi. Unapokata, sehemu inayokatwa itokeze nje ya taya, na waya wa msumeno wa umeme uwe nyuma yako. Unapotoboa kwa drili, kibane kipande hata kama ni kidogo, kwa maana drili ikinasa hukizungusha pamoja na vidole. Vumbi la mninga huwasha pua na huweza kuamsha pumu. Fanya kazi penye upepo, ukiwa umevaa barakoa.

Jeraha la kawaida, hata hivyo, hutokea kazi ikiisha. Miguu inapokunjwa, bawaba hubana kidole kama mkasi. Shika benchi kwa nje, ukiwaweka watoto mbali, kisha ulihifadhi ndani mahali pakavu, na kutia grisi kidogo kwenye skrubu kabla ya mvua za Novemba.