SOMO: KARATASI YA MAABARA INASEMA NINI?



Katika mikutano yetu ya huku Laare nimesikia jambo moja mara nyingi, nikaona tulifanye somo. Mtu anashikwa na homa, kichwa kinauma, mwili umelegea. Anaenda kupimwa damu na kurudi na karatasi: taifodi. Anameza dawa. Baada ya mwezi anarudi tena: taifodi. Wengine hata husema, "Yangu iko ndani ya damu, haiishi." Na pesa za merigoraundi zinaishia kwa sindano.

Mama mmoja katika kikundi nilichokuwa nikitembelea alitibiwa taifodi mara tatu kwa miezi minne. Aliuza mbuzi wawili, akakopa kwa wenzake. Kila mara alipimwa kipimo kile kile, lakini hakuna aliyemwuliza kama anakohoa. Alikuwa anakohoa. Siku alipotoa makohozi yakapimwa, kumbe ni kifua kikuu, na mtoto wake mdogo alikuwa ameanza kukonda.

Je, maabara ilidanganya? Hapana. Ilijibu swali ililoulizwa, na hapo ndipo tunapokosea wengi.

Kipimo ambacho hutumika sana kwa taifodi kinaitwa Widal, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti kiini cha taifodi chenyewe. Mwili ukishambuliwa na viini hutengeneza askari wa kupigana navyo, na askari hao hukaa katika damu. Mwanamaabara huchukua tone la maji ya damu, akalichanganya na dawa iliyo na viini vya taifodi vilivyokufa. Askari wakiwepo, huvishika vile viini na mchanganyiko unagandana vipande vidogo vidogo. Hiyo ndiyo wanayoita "positive".

Sasa fikiria umeingia shamba lako la miraa asubuhi ukaona nyayo. Mtu amepita, ndiyo. Lakini ni usiku huu, ama juma lililopita? Na pengine ni nyayo za kijana wako mwenyewe! Widal ni kuona nyayo. Askari hubaki miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha, na viini vingine vya jamaa moja na taifodi huacha nyayo zinazofanana. Mahali ambapo taifodi ni ya kawaida, watu wengi wazima wasioumwa na chochote wakipimwa wataonekana wanayo. Kwa hiyo ukipimwa tena mara tu baada ya dawa ukaambiwa "bado iko", huenda ni nyayo za zamani tu.

Na zile namba, 1:80, 1:160, 1:320? Zinaonyesha maji ya damu yaliongezwa maji kiasi gani na bado yakagandana. Namba ya mwisho ikiwa kubwa, askari ni wengi. Lakini namba moja ya siku moja haitoshi kuhukumu. Kipimo hiki huwa na maana zaidi kikifanywa mara mbili, kwa siku 7 hadi 14 kati yake, na namba ikapanda mara nne, kama kutoka 1:80 kufika 1:320. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa turudi kwa kipimo cha pili?

Njia ya kumkamata mwizi mwenyewe ni kuotesha damu. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha viini na kuwekwa kwenye joto kama la mwili, digrii 37. Kama viini vipo, vinaota kwa siku chache. Kisha huwekewa vidonge vidogo vya dawa mbalimbali ili kuona ni dawa gani inaviua. Hii ni faida kubwa, kwa maana taifodi imezoea baadhi ya dawa tulizokuwa tukizitegemea. Lakini si kila maabara inaweza kazi hii. Uliza katika hospitali kubwa. Na hata ikifanywa vizuri hukosa karibu nusu ya wagonjwa, hasa waliokwisha kumeza kapsuli za dukani. Toeni damu kwanza, dawa baadaye.

Msinielewe vibaya. Taifodi ipo kweli na inaua, inaweza kutoboa matumbo. Ndiyo sababu Julai 2025 serikali ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mgonjwa aliyezidiwa daktari anaweza kumwanzishia dawa kabla ya majibu, na ni haki. Usiache dawa kwa sababu ya somo hili.

Kwa malaria mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu tone la damu likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kiini chenyewe huonekana kwa hadubini. Ugonjwa wa kunywa maziwa mabichi, brusela, nao kwa kawaida hupimwa kwa nyayo, basi mwambie daktari kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa.

Kifua kikuu hupimwa kwa makohozi, na hapa kazi ni yako. Mate hayasaidii kitu. Asubuhi sukutua kinywa kwa maji, toka nje mbali na watu, vuta pumzi kwa nguvu mara mbili tatu, ndipo ukohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Funga mkebe vizuri. Mashine ya GeneXpert hutafuta alama ya kiini chenyewe kwa muda wa kama saa mbili, na huonyesha pia kama kimezoea rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu. Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa nje, siku hizi hata choo chake chaweza kupimwa. Katika hospitali za serikali kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Kwa mkutano ujao kila mmoja atafute karatasi zake za zamani za maabara. Si lazima kumwonyesha jirani. Angalia: nilipimwa nini? Walitafuta kiini ama nyayo? Na kuna dalili gani ambayo sikuitaja kwa daktari, kwa kuwa hakuniuliza?