SOMO LA KIKUNDI: KAA KWENYE KIGODA CHA MZEE



Ukiuliza mkutanoni, "Je, ni haki kumdhuru mzee kwa kumshuku uchawi?" wote watajibu, "Hapana!" Mkutano ukiisha, minong'ono inaanza tena njiani. Kichwa kimekubali, moyo bado. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa shuku hizo, na wengine wamekimbilia hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Basi leo twajifunza kutumia igizo.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1974 Anne Hope na Sally Timmel walianzisha hapa Kenya mafunzo ya DELTA, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazili: mtu hubadilika anapoyatazama maisha yake mwenyewe na kuuliza, "Kwa nini?" Igizo fupi ni kioo cha kujitazamia.

KISA
Mtoto amefariki ghafla. Ukoo umeketi. Mzee mwenye mvi, ambaye shamba lake bado halijagawanywa, anaambiwa, "Sema ulilomfanyia mtoto!" Wako pia mama wa mtoto, vijana wawili wa ukoo, na jirani.

HATUA
1. Nafasi ya mzee apewe kijana. Msimpe mzee wa kweli, jina hilo lisije likamganda baada ya mchezo.
2. Msitumie jina wala kisa cha kijiji chenu.
3. Igizeni kwa dakika 10. Mambo yakipamba moto, simamisheni. Msitoe suluhisho.
4. Badilishaneni: aliyeshtaki sasa akalie kigoda cha mzee. Igizeni tena.
5. Mkimaliza, kila mwigizaji ataje jina lake halisi na kusema, "Ule ulikuwa mchezo." Msiiruke hatua hii.

Katika kikundi kimoja, kijana aliyekuwa mkali sana kushtaki alikalishwa kigodani. Alipokana, wakasema, "Mchawi hakubali kamwe." Aliponyamaza, "Si mwaona, hana la kusema!" Alipolia, "Anatuchezea huyu." Mwishowe akasimama, jasho linamtoka, akasema, "Kumbe hakuna jibu ambalo mtalikubali." Watu wote kimya. Mimi nilikuwa nimewahubiria mara nyingi, na sikuwahi kuwafikisha hapo. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

MASWALI YA MJADALA
- Tumeona nini katika igizo?
- Uliyekalia kigoda, ulisikiaje moyoni?
- Je, mambo haya yatokea kwetu?
- Mtoto aliugua nini? Nani alikwenda kuuliza hospitali?
- Mzee akikimbia, shamba labaki na nani?
- Sisi tufanye nini?

Mwezeshaji, usiharakishe swali la tano. Mara nyingi nyuma ya neno "uchawi" pana ugomvi wa ardhi. Wala usimcheke mama aliyefiwa. Uchungu wake ni wa kweli, naye ahitaji wa kumfariji na kumweleza ugonjwa uliomchukua mwanawe.

AZIMIO
Igizo lisiishie kwenye kicheko. Kila mmoja achague tendo moja la wiki hii: kumtembelea mzee anayesengenywa, kukataa kuupitisha uvumi, au kuwahimiza wenye shamba wakae kikao mapema mbele ya mashahidi. Mkutano ujao tuulizane. Na mkisikia tishio la kweli, hapo si mchezo tena: mwarifuni chifu na polisi siku hiyo hiyo.

Kwa sala, someni Walawi 19:32, juu ya heshima kwa wenye mvi.